Kurasa Arobaini za Mwisho

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau uko hai, maana kwa miaka kumi na moja hatukujua hata hilo. Mimi sijambo. Nimenenepa, mvi zimeanza kuchungulia, na bado ni karani wa masijala. Kazi yangu ni kutafuta mafaili yaliyopotea, kwa hiyo usishangae kwamba nimekupata. Anwani nilipewa na yule seremala rafiki yako. Usimlaumu. Nilimkalia kooni siku tatu mpaka akaona heri anipe kuliko anione tena karakanani kwake.

Mama hajambo, ila ni ule ujambo wa kusema tu. Mwezi wa kumi na moja alipata kiharusi. Upande wa kushoto umelala, mkono na mguu. Ulimi ulirudi baada ya wiki mbili, pamoja na ukali wake wote. Sasa ni moyo. Daktari ameniambia nihesabu miezi, nisihesabu miaka. Sikuandikii ili urudi, najua mlivyoachana. Nakuandikia kwa sababu ya Jitabu.

Ndiyo, Jitabu lile lile. Unakumbuka tulivyoligombania, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka mama akatoka jikoni na kisu cha mkate akalikata katikati mbele yetu. Mimi akanipa nusu ya kwanza, wewe nusu ya pili, akasema tukimaliza tubadilishane. Hatukubadilishana. Uliondoka na nusu yako, na mwisho wa hadithi ile mimi siujui mpaka leo.

Nusu yangu ilikuwa juu ya kabati. Nilikuwa nikimsomea mama magazeti alasiri nikitoka kazini, akanikataza. Alisema habari zote ni za wezi, na wezi wenyewe hawajui hata kuiba. Nikashusha Jitabu kwa kukosa kingine. Siku ya kwanza alisema, "Watu wa karatasi hawa watanisaidia nini?" Siku ya tatu, pale Mbeba Kengele anapoambiwa avuke falme tisa na kengele isiyo na ulimi mgongoni, aliniuliza kama huyo mwanamke hana ndugu wa kumpokea mzigo. Siku ya kumi nilitaka kufunga kitabu nikapike, akaniambia njaa haijaua mtu kwa saa moja. Mdogo wangu, mama amependa. Sijui nilisemeje. Amependa kama msichana anavyopenda, haambiliki. Nikiingia haniulizi habari za kazini wala za mvua, ananiuliza, "Tuliwaacha wapi?"

Sasa tumefika ukurasa wa mia sita na kumi na mbili. Unajua kisu cha mkate kilipita wapi? Katikati ya sentensi. "Mbeba Kengele akausukuma mlango, na ndani akaona." Basi, imeishia hapo. Hii ni wiki ya tatu. Nikimwosha uso ananiuliza, "Akaona nini?" Nikimlisha, "Akaona nini?" Hata muuguzi anayekuja kumchoma sindano ameshaulizwa. Nimezunguka maduka yote ya vitabu. Waliolichapa walifunga zamani, na mwenye duka mmoja alinitazama kama nimeulizia meno ya kuku.

Nitumie nusu yako. Sikuombi kingine.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Barua nimeipata. Hali yangu ni ya kawaida, nawe natumaini huumwi. Pole kwa kuuguza.

Nimeisoma mara nne na kila mara nimekwama mahali pamoja. Watu wa karatasi. Hilo neno bado analo? Wewe siku ile ulikuwa kazini, ulifika mambo yamekwisha, kwa hiyo acha nikueleze mara moja na nisieleze tena. Pumu ilikuwa imembana baba tangu alfajiri. Nikatumwa dawa. Duka la dawa lilikuwa na foleni, nikapewa namba, nikakaa kwenye benchi, na Jitabu lilikuwa kwapani. Nilifungua nisome ukurasa mmoja tu. Namba yangu ikaitwa ikapita. Nikapewa nyingine, nayo ikapita. Mfamasia aliponigusa bega alikuwa anafunga dirisha aende kula. Nilipofika nyumbani na dawa mkononi, baba alikuwa ameshafunikwa shuka. Mama alinitazama, akakitazama kitabu, akasema, "Umemwacha baba yako afe kwa ajili ya watu wa karatasi." Majirani wote wakisikia. Siku ya tatu niliondoka.

Na leo yeye ndiye anayetaka kujua waliona nini.

Nusu yangu ninayo. Nimehama nayo vyumba sita na sijaifungua hata mara moja. Furushi sitatuma. Furushi huku hulala forodhani miezi mitatu, na mengine hayaamki. Kinachopita ni barua, mradi isizidi uzito. Nimepima kwenye mizani ya posta: karatasi ishirini, yaani kurasa arobaini, ndio mwisho wa bahasha moja. Nimechana arobaini za kwanza. Msomee. Kama hataki kusikia zimetoka kwa nani, usimwambie.

Nafua mashuka ya hoteli, ukitaka kujua.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani? Mikono je, na hizo dawa za kufulia? Huku leo ni wazima kuliko tulivyowahi kuwa tangu mwaka uanze, na nitakuambia kwa nini.

Aliona meza. Meza imeandaliwa kwa watu tisa, chumbani hakuna mtu, na chakula bado cha moto. Nilimsomea hata viatu sijavua. Mama akafumba macho, akasema, "Cha moto? Basi hawajafika mbali." Akaniambia nirudie. Siku ile alikula sahani nzima.

Nilimwambia zimetoka kwako. Ningefichaje, mwandiko wako kwenye bahasha anaujua kuliko wangu. Nikajisemea hapa leo patachimbika. Kisha akauliza, "Anafanya kazi gani?" Nikamwambia unafua mashuka hotelini. Unajua mwenyewe, mama amefua nguo za watu miaka thelathini, ncha za vidole vyake zimelainika kama sabuni iliyokwisha. Aliitazama dari, akasema nikuandikie neno kwa neno: "Mashuka yasikaushwe mpaka mwisho. Yatolewe yakiwa na ubichi kidogo, ndipo yapigwe pasi. Yatanyooka." Hizo ndizo salamu zake. Zipokee zilivyo.

Kuhusu Jitabu ana lawama zake. Anasema jeshi limetembea kurasa mia nne kwenye tope na damu, na nguo ni zile zile. "Nani anafua? Huyu mwandishi hajawahi kuishi na mwanamke, wala hajawahi kuishi peke yake." Malkia Asiyelala hampendi, anasema mtu asiyelala kuna jambo amefanya. Anayempenda ni yule Mchunga Nyumbu mlalamishi, kwa sababu katika watu wote wale ndiye pekee anayeuliza watakula nini.

Kurasa arobaini zimekwisha kwa siku mbili. Anataka zaidi, na mimi pia nataka, nisijifanye. Naambatisha namba ya simu ya ofisini kwangu. Mchana nipo, na naweza kuomba ruhusa nikasikie sauti yako.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu,

Natumaini mmeamka salama nyote wawili. Mimi mzima, mikono imechubuka kidogo, ni kawaida ya kazi.

Safari hii bahasha ni mbili, nimezituma siku moja. Nilidhani nitachana bila kusoma. Nilijidanganya. Wakati wa mapumziko ya mchana tunakaa nyuma ya chumba cha mashine, kwenye benchi karibu na bomba la mvuke, na wenzangu wanacheza karata. Mimi nasoma. Wananiita Profesa na hawaniiti kwa heshima. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikipenda kitabu hiki kwa ajili ya vita. Sasa vita navipitia haraka nifike pale wanapopumzika, pale Mbeba Kengele anaposugua miguu yake kwa jivu na Mchunga Nyumbu anamsimulia uongo kuhusu mke wake. Dada, nimekipenda upya na nimeogopa. Ni kama kurudi kwenye nyumba niliyofukuzwa nikakuta kitanda changu kiko pale pale.

Mashuka nimejaribu. Nimeyatoa yakiwa na ubichi kidogo. Msimamizi alipitisha kiganja juu yake, akauliza nani kanifundisha. Nikachukua shuka lingine. Lakini mama mwambie yamenyooka.

Mwambie pia kwamba kuanzia ukurasa wa mia sita kumi na tatu mpaka hapa nilipofika hakuna mtu aliyefua. Naangalia kwa makini, nikimwona nitaleta taarifa.

Simu sitapiga. Usione ni kiburi. Barua naweza kuifuta nikaanza upya, sauti siwezi.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Leo nitakusalimu kwa kifupi, kwa sababu mama amesema hii ni barua yake na mimi ni kalamu tu. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Kitinda, mimi ni mama yako, nakusalimu. Dada yako akiongeza lake usimsikilize. Juzi muuguzi alikuja na sindano saa ilipofika. Tulikuwa pale daraja linapokatika na nyumbu wako juu yake. Nikamwambia asubiri. Akasubiri, akachoka, akaenda kwa mgonjwa mwingine, akarudi jioni amenuna. Ile ni sindano ya moyo wangu mwenyewe, na niliiacha ipite kwa ajili ya nyumbu. Alipokwenda ndipo nilipoiona benchi ya duka la dawa. Niliiona kama nimeikalia mimi. Miaka yote nilikuwa najiuliza mtu anawezaje kukaa na kitabu baba yake anakata pumzi. Sasa najua anavyoweza. Hakuchagua. Yuko mbali tu.

"Kuna lingine. Siku ya pili ya msiba daktari aliniita pembeni, akaniambia pumu ya baba yako ilikuwa imeshafika moyoni, na hata dawa ingefika mapema isingebadili kitu. Wewe ulikuwa bado uko nyumbani, unafunga begi. Sikukuambia. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na wewe ulikuwa karibu. Hata kile kisu cha mkate, watu walinisifu eti nimekata shauri kwa busara. Ilikuwa hasira tu. Mimi kuomba radhi sijui, sikufundishwa. Tuma kurasa."

Hayo ndiyo yake. Yangu ni haya, na usiponisikiliza ni shauri yako. Nilipofika kwenye maneno ya daktari kalamu ilinishinda. Nilitoka nikasimama uani mpaka akaniita mara tatu. Miaka kumi na moja nimekula naye, nimemfungia mlango na kumfungulia, na hakuniambia. Nilirudi ndani kumwuliza kwa nini, nikamkuta analia kwa jicho moja, lile la upande ulio hai. Sikuuliza. Nikachukua kitabu nikamsomea, maana sikuwa na kingine cha kufanya na midomo yangu.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Sijambo. Nasema sijambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Siku barua yenu ilipofika nilifua shuka moja mara tatu, mpaka msimamizi akanitoa kwenye mashine. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Miaka kumi na moja nimejibeba kama muuaji. Nimekataa kuoa kwa ajili ya hilo, kuna mtu alinisubiri na nikamwacha, sikutaka mtoto wa mtu aje akae na mimi. Na yeye alijua nikiwa bado nafunga begi. Nataka kumchukia na siwezi, kwa sababu kila nikimfikiria namwona anamzuia muuguzi kwa ajili ya nyumbu, na nacheka, kisha nakasirika kwamba nimecheka.

Siwezi kumwandikia yeye. Mwambie kurasa zinakuja. Mwambie bado hakuna aliyefua.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Mwisho wa Jitabu hata mimi siujui. Mfamasia aliponigusa bega nilikuwa ukurasa wa elfu moja hamsini na mbili. Zimebaki kurasa arobaini baada ya hapo, bahasha moja kamili, na tangu siku ile hazijafunguliwa. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu anayejua kama kengele ilifika.

Mdogo wako


12 Julai

Mdogo wangu,

Salamu za hapa nyumbani. Natumaini mapumziko yako kwenye benchi ni mema na wale wacheza karata wamekuzoea.

Bahasha zako za mwezi wa sita zilifika zote, moja baada ya nyingine kama treni. Ya kumi na moja tumeisoma mara tatu. Mama amevimba miguu na halali tena chali, anakaa ameegemea mito mitatu, na sentensi moja anaisema kwa pumzi mbili. Alinikataza kukuandikia hayo. Nimeyaandika.

Amenikataza pia kukuuliza habari za kurasa za mwisho, kwa hiyo sikuulizi. Nakuarifu tu kwamba Mbeba Kengele yuko chini ya mnara, ngazi zimeanza kubomoka, na sisi tumekaa naye hapo siku kumi na mbili. Mimi nimechoka kukaa hapo. Mama hajachoka. Ana utulivu ambao sijauona tangu nimjue, na mwenyewe unajua mama na utulivu ni mbingu na ardhi. Ananiambia nisome tena pale penye meza ya watu tisa.

Mimi silali vizuri. Ofisini jana nimelipeleka faili la mtu aliyekufa kwenye rafu ya wanaostaafu, na mkuu wangu hakunigombeza, alinitazama tu.

Dada yako


30 Julai

Dada yangu,

Natumaini mama anaendelea vizuri, nawe umepata kupumzika. Kurasa za mwisho zimechelewa kwa sababu posta huku wamegoma.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama, na sitaifuta. Ni uongo. Posta wanafanya kazi kila siku. Bahasha iko tayari tangu katikati ya mwezi wa sita, nimeandika anwani, nimebandika stempu, na iko chini ya godoro langu. Nimekwenda nayo posta mara tatu na kurudi nayo.

Sikiliza kwanza kabla hujakasirika. Mama unamjua. Hajawahi kuacha kazi nusu. Alikuwa anapiga pasi mpaka shati la mwisho hata akiwa na homa, na siku ya harusi ya jirani alichelewa kwa sababu soksi moja ilikuwa haijakauka. Maadamu hajajua kama kengele imefika, hatakwenda. Atakasirika, atalalamika, lakini hatakwenda. Nikituma arobaini hizi nitakuwa nimemfungulia mlango. Siwezi kuufungua. Nimeshafika nimechelewa kwa baba, kwa mama nataka nisifike kabisa, kama unanielewa. Nataka asimalize.

Usimwambie. Mwambie posta. Mrudishe mwanzo, ukurasa wa kwanza, falme zote tisa, hatakataa. Zikiisha tutaona.

Msimamizi anasema mwezi wa kumi naweza kupata likizo. Sijui. Nasema tu.

Mdogo wako


17 Agosti

Mdogo wangu,

Sina salamu leo.

Mama alifariki tarehe tatu, saa nane mchana. Simu yako sina, kwa hiyo hukujua, na tulimzika kesho yake bila wewe. Barua yako ya tarehe thelathini imefika jana. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kando ya kitanda kitupu nilipoifungua. Sasa nitakuambia jambo ambalo alinikataza kukuambia.

Bahasha ya mwisho ilipochelewa wiki ya kwanza nilichukua kalamu nikukemee. Akanizuia mkono. Akasema, "Mwache. Hizo za mwisho hatazitia posta. Anazileta mwenyewe." Nikamwuliza, "Kakuambia nani?" Akasema hakuna aliyemwambia, mtoto wake anamjua. Angewezaje kumwacha mama yake asomewe mwisho na mtu mwingine? Mdogo wangu, nilimwamini. Ilikuwa na maana. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo.

Alinifanya nifue mashuka ya kitanda chako cha zamani. Alinisimamia kutoka pale kwenye mito, kwa sauti ile ya pumzi mbili: yatoe, bado mabichi kidogo, sasa pasi. Alinifanya nigeuze kitanda chake kielekee mlango. Gari likisimama nje, alikuwa akijinyoosha kitambaa cha kichwa kwa ule mkono mmoja mzima. Nilitaka kukuandikia nikuulize unakuja lini. Akasema mtu akisukumwa hufika na uso wa kusukumwa, nisubiri. Nikasubiri. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Wewe uliushika mwisho ili asife. Yeye aliona umeushika, akafurahi, akangoja. Siku ile ya tarehe tatu lilipita gari la maziwa, likasimama kwa jirani. Aliinua mkono kwenye kitambaa, na mkono haukufika.

Nilipoisoma barua yako jana nilitaka kukutukana kwa kila tusi nililofundishwa na nililojifunza mwenyewe. Leo sina hata moja. Nimechoka. Usinitumie kurasa hizo. Kama kengele ililia au haikulia, sitaki kujua. Mashuka bado yako kitandani kwako. Sijapata nguvu ya kuyatoa.

Dada yako


8 Septemba

Dada yangu,

Sitakuuliza hali.

Barua yako niliipokea getini wakati naingia zamu. Sikuingia. Nilirudi chumbani nikainua godoro, nikachukua bahasha, nikaenda nayo kwenye benchi nyuma ya chumba cha mashine. Nimezisoma zote arobaini palepale, mchana, wenzangu wakicheza karata. Hakuna aliyeniita Profesa.

Umesema hutaki kujua habari za kengele. Sitakuambia. Lakini kuna jambo moja si la kengele, na nisipokuambia wewe sina mtu mwingine wa kumwambia, maana wa kuambiwa alikuwa yeye.

Vita vimekwisha. Wakubwa wote wako mnarani wanagawana falme. Ukurasa wa elfu moja themanini na moja, Mchunga Nyumbu anashuka mtoni peke yake na nguo za jeshi zima juu ya nyumbu mmoja aliyebaki. Anafua. Kurasa tatu nzima, dada, anafua tu, hakuna kingine. Anatenga nyeupe na za rangi. Zenye damu anazitia kwenye maji baridi kwanza, kama mama alivyotufundisha. Ananung'unika muda wote kwamba watu wamepita falme tisa na hakuna hata mmoja aliyekumbuka sabuni. Anaanika kwenye nyuzi za pinde, na nyingine anazitoa zikiwa bado na ubichi ili azikunje. Anafua na za waliokufa. Askari mmoja anamwuliza hizo ni za nini tena, naye anasema nguo haina kosa.

Swali lake lilikuwa limejibiwa. Jibu lilikuwa chini ya godoro langu wiki saba yeye akiwa bado hai, na nililala juu yake.

Najua angesema nini. Angesema, "Mwisho wamepata mtu mwenye akili," kisha angeniambia nirudie. Nimerudia mara tatu kwa sauti. Msimamizi alitoka akanikuta, akafikiri nasali, akarudi ndani.

Kitabu hiki kimenichelewesha mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Likizo ya mwezi wa kumi nimekubaliwa, na sijui nije kufanya nini. Kurasa nitakuja nazo mkononi kama alivyosema, ukinifungulia. Usiponifungulia nitaelewa. Mashuka usiyatoe, au yatoe, unavyoona.

Nijibu, dada, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako